Maneno ya Bibi Shambani: Kukielewa Kinaya na Lugha ya Picha

Mwezi wa kumi, katika mashamba ya mikorosho ya Tandahimba, kazi ya kuokota huanza alfajiri kabla jua halijawa kali. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alinisimulia kwamba Jumamosi moja alifika shambani saa nne, akamkuta bibi yake ameinama chini ya mkorosho, anaichomoa korosho kwa kuizungusha, anaidondosha ndooni na bibo analitupa pembeni. Ndoo tatu zilikuwa zimeshajaa. Kijana akasalimia, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia bila kuinua kichwa: "Marahaba, bwana shamba. Mbona umewahi hivyo? Ungelala kidogo, umande haujakauka." Kijana hakuuliza maana yake. Aliinamisha macho, akachukua ndoo ya nne, akaanza kuokota.

Juma lililofuata kijana huyohuyo alikutana darasani na kifungu cha ufahamu chenye sentensi niliyoitunga mwenyewe: "Mwenyekiti wetu ni mchapakazi wa kupigiwa mfano, tangu tumchague miaka mitatu iliyopita, hajakosa sherehe hata moja." Swali liliuliza mwandishi ana mtazamo gani kuhusu mwenyekiti. Akajibu, kwa mwandiko safi, kwamba mwandishi anamsifu mwenyekiti kwa kuhudhuria sherehe na kuwa karibu na wananchi. Wenzake wengi waliandika jambo linalokaribiana na hilo.

Jambo hili limenishughulisha sana. Kijana aliyekielewa kinaya cha bibi yake papo hapo, usingizi ukiwa bado machoni, alishindwaje kukielewa kinaya cha aina ileile kilipoandikwa kwenye karatasi? Mtu anaweza kujibu upesi kwamba hakuisoma fasili. Fasili alikuwa nayo, tena aliweza kuikariri bila kukosea: kinaya ni tamathali ya semi ambayo msemaji hutumia maneno yenye maana iliyo kinyume cha anachokusudia. Fasili hiyo ni sahihi, ila haimsaidii msomaji anayeitazama sentensi ya mwenyekiti, kwa sababu sentensi yenyewe haina alama yoyote inayosema kwamba imegeuzwa. Neno "mchapakazi" lina maana yake ya kawaida. Neno "sherehe" nalo ni lilelile la kila siku. Ukizichunguza herufi moja moja hutakiona kinaya, kwa sababu kinaya hakimo ndani ya maneno. Kimo katika umbali uliopo kati ya maneno na hali yanamosemwa, na umbali huo unaonekana tu kwa mtu anayeviangalia vyote viwili kwa pamoja.

Pale shambani bibi alimpa mjukuu wake hali yote bila kuieleza. Jua lilikuwa juu, ndoo tatu zilikuwa zimejaa, mgongo wa bibi haukuinuka, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo kwenye neno "umewahi". Neno hilo lilipotua, kijana alikuwa anajua kwamba hakuwahi, alijua kwamba bibi anajua, na alijua pia kwamba bibi anatambua kuwa mjukuu ameelewa. Ujuzi huo wa pamoja ndio msingi ambao kinaya hujengwa juu yake. Karatasi, kwa upande wake, ilimpa maneno matupu, na hali ikabaki kuwa kazi yake mwenyewe kuijenga kichwani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni kazi yake.

Kabla ya kuendelea na kinaya, ni vizuri tuwaangalie ndugu zake, yaani tamathali nyingine za semi, kwa kuwa zote zinafanya jambo moja la msingi: neno linaondoka kwenye kazi yake ya kila siku na kupewa kazi nyingine, na msikilizaji anatarajiwa kuona kwamba limeondoka. Wanafunzi huyaogopa majina ya tamathali hizi kwa sababu yanasikika mageni, hali ya kuwa mengi yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu yakiwa na maana zinazojieleza. Sitiari inatokana na neno lenye maana ya kuazima. Tashibiha ni ndugu wa kitenzi "kushabihiana", kwa hiyo ni ufananishaji wa wazi, wenye "kama" au "mithili ya". Tashihisi ina mzizi mmoja na "shakhsia", maana yake ni kukipa utu kitu kisicho mtu, kama anavyofanya mvuvi wa Mikindani anayetazama mawimbi na kusema kwamba bahari leo imenuna. Mubalagha nayo inatoka kwenye mzizi uleule uliotupa "balehe", wenye maana ya kufika. Mtu anayetumia mubalagha amefika kwenye ukweli na akapitiliza kwa makusudi. Mwanafunzi akiyajua majina kwa njia hii hayakariri tena kama orodha ya dawa.

Kati ya hizo zote, sitiari ndiyo inayohitaji muda zaidi, na mfano mzuri uko hapahapa kwetu. Mtu akifika Newala, kwenye ukingo wa nyanda za juu za Makonde, ataonyeshwa mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na chini, mbali sana, linaonekana bonde linaloelekea Mto Ruvuma. Mahali hapo panaitwa Shimo la Mungu. Hakuna aliyepachimba, wala hapana umbo la shimo kama tunavyolijua shimo la taka au la mhogo. Waliopaita hivyo waliliazima neno "shimo" kwa ajili ya sifa moja tu, ambayo ni kina, wakaziacha sifa nyingine zote. Kisha wakaongeza "la Mungu" kuonyesha kwamba ukubwa wake unapita kipimo cha kazi ya binadamu. Msomaji anayekutana na sitiari yoyote anapaswa kujiuliza swali hilohilo: kimeazimwa nini, na kwa ajili ya sifa ipi? Mwandishi akisema "mjomba wetu alikuwa mbuyu wa ukoo", ameazima umri wa mbuyu, uimara wake na kivuli chake. Hakuazima matunda yake wala majani yake. Na tusisahau kwamba mbuyu huohuo, ukiingia kwenye nahau "kuzunguka mbuyu", unatupeleka kwenye rushwa, mbali kabisa na heshima ya mjomba. Ni mti mmoja, na kazi yake inabadilika kulingana na mahali ulipopandwa ndani ya sentensi.

Chumvi inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Katika pwani ya Lindi na Mtwara kuna mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba na kuachwa yakauke kwa jua. Mtoto wa pwani hii anaweza kusikia sentensi tatu katika siku moja: "Mvua imeharibu chumvi", "Babu amekula chumvi nyingi", na "Huyo usimsikilize sana, anatia chumvi". Ya kwanza inazungumzia chumvi yenyewe, ya pili inazungumzia umri mkubwa, ya tatu inazungumzia mtu anayeyaongeza maneno. Hakuna mtoto wa umri wa miaka kumi na mitatu anayechanganya sentensi hizo, na wala hakuna anayefungua kamusi. Anaamua kwa kumwangalia anayesema, anayesemwa na kinachoendelea. Uwezo huo huo ndio tunaoutaka darasani.

Kuna pia uhamisho wa maana usiotegemea kufanana. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi, na jina lao leo linatumika nchi nzima kwa mfanyabiashara mdogo anayetembeza bidhaa mitaani, hata kama amezaliwa Mwanza au Mbeya na hajawahi kuvuka Mto Rufiji kuja kusini. Jina la kundi moja lililohusishwa na kazi fulani limekuwa jina la kazi yenyewe. Uhamisho wa namna hii, ambao kitu kinapewa jina la kingine kinachohusiana nacho, huitwa taashira, na ninaona ni aibu kuufundisha kwa mifano ya kuazima kutoka mbali wakati kusini kwetu kumelipa taifa zima mfano ulio hai kiasi hicho.

Mwanafunzi ambaye bado haoni kwa nini watu wasiseme tu mambo kama yalivyo, humwomba akitazame kinyago cha shetani cha Kimakonde kilichochongwa kwa mpingo. Mdomo umekuwa mkubwa kuliko tumbo, jicho liko ubavuni mwa kichwa, mguu mmoja umejikunja kama mzizi. Hakuna mtazamaji anayesema kwamba mchongaji alikosea vipimo, kwa sababu mkono uliouchonga ule mpingo mgumu na kuung'arisha namna ile unajua vizuri jicho la mtu linakaa wapi. Ameliondoa mahali pake ili tuone ameliondoa, na ili tuulize anataka kutuambia nini kuhusu uroho, au hofu, au nguvu zisizoonekana. Tamathali za semi zinafanya hivyo kwa maneno. Na kinaya, ambacho sasa tunakirudia, ndicho chenye kuliondoa neno mbali kuliko tamathali zote.

Sitiari hutafuta kufanana: mjomba na mbuyu wana jambo linalowaunganisha. Kinaya hutegemea kutofanana. Anayesema kwa kinaya huchagua neno ambalo hali iliyopo inalikataa, akaliweka pale makusudi, akatuacha tuone jinsi lisivyokaa. Bibi alichagua "umewahi" kwa mtu aliyechelewa, na akachagua "bwana shamba", jina la mtaalamu wa kilimo, kwa mtu ambaye siku hiyo hakuwa ameokota hata korosho moja. Hiki ndicho kinaya cha maneno, na ndicho kinachojulikana zaidi.

Hapa ndipo wanafunzi hunikatiza na kuuliza: kama bibi alisema jambo ambalo si kweli, je, bibi alidanganya? Swali hili ni zuri sana na halistahili kujibiwa kwa haraka. Mwongo na msema kinaya wote husema lisilo kweli. Tofauti yao ni kwamba mwongo anauficha umbali ulio kati ya neno na hali, na atafadhaika ukiuona. Msema kinaya anataka uuone, na atafadhaika usipouona. Kama kijana angemjibu bibi, "Ahsante bibi, basi ngoja nikalale kidogo", bibi angeinuka mara moja na kuyasema maneno ya wazi ambayo alikuwa amemwepushia. Kinaya kinamchukulia msikilizaji kuwa ni mtu mwenye akili ya kulijaza lililoachwa wazi, na kwa sababu hiyo mara nyingi kina heshima ndani yake, hata pale kinapouma.

Kejeli nayo hudhaniwa kuwa ni jina jingine la kinaya, na vitabu vya mazoezi huviweka karibu mno. Mimi huvitenganisha hivi: kinaya ni njia ya kusema, kejeli ni nia ya anayesema. Mtu mwenye nia ya kumshusha mwenzake anaweza kutumia kinaya, na hapo vitu hivyo viwili vinakutana. Lakini anaweza pia kumkejeli mtu kwa maneno ya wazi yasiyogeuzwa hata kidogo, kwa kumwambia kuwa ni mvivu na hana akili. Vilevile kinaya kinaweza kutoka kwa mtu mwenye upendo. Maneno ya bibi yangetamkwa na msimamizi wa vibarua mbele ya watu kumi wanaocheka, kwa kijana asiye ndugu yake, yangekuwa kejeli tupu bila kubadilika hata herufi moja. Ndiyo maana swali la mtihani linalotoa sentensi moja peke yake na kumtaka mwanafunzi aseme kama ni kinaya au kejeli, kwa maoni yangu, linamwonea. Limemnyima kitu pekee ambacho kingemwezesha kuamua.

Kinaya cha pili ni kinaya cha hali, ambacho hakihitaji mtu yeyote kusema neno. Hapa matukio yenyewe ndiyo yanayogeuka kinyume cha kilichokusudiwa. Historia ya kusini inao mfano mkubwa. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga hapa Tanganyika, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake, ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya Uingereza iliyokuwa imetoka vitani. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari yenye kina kirefu hapa Mtwara, na reli ikatandazwa kuelekea Nachingwea. Mpango ulishindwa na kufutwa mwaka 1951. Reli ikang'olewa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na leo inapakia korosho, zao ambalo halikuwa sababu ya kujengwa kwake. Kilichogharimiwa kwa pesa nyingi na mitambo mingi kilikufa, na kilichojengwa kama kijakazi wa mpango huo kikaishi na kuuhudumia ukulima wa watu wa kusini wenyewe. Hakuna aliyesema chochote kwa kugeuza maneno. Lengo na matokeo ndivyo vilivyogeukana.

Nasisitiza neno "lengo" kwa sababu hapa ndipo kosa kubwa zaidi hufanyika. Watu wengi, na hata baadhi ya waandishi, huita kinaya kila jambo la bahati mbaya. Mvua ikinyesha siku ya harusi, hiyo ni bahati mbaya, na inaweza kumfika yeyote. Mvua hiyohiyo ikiwanyeshea watu ambao wameihamisha harusi kutoka Machi hadi Agosti kwa ajili ya kuikwepa mvua, na Machi yenyewe ikapita kavu, hapo tumefika kwenye kinaya, kwa kuwa hatua iliyochukuliwa kukwepa jambo ndiyo iliyowapeleka kwenye jambo hilo. Methali zetu zimelijua hili tangu zamani. "Kinyozi hajinyoi" ni kinaya cha hali kilichofupishwa katika maneno mawili, na "mchimba kisima huingia mwenyewe" ni kingine. Mama anayepuliza kuni zenye moshi mita chache kutoka lilipopita bomba la gesi asilia iendayo Dar es Salaam yumo ndani ya kinaya cha hali, awe anakitambua au hakitambui.

Aina ya tatu ni kinaya cha kidrama, ambacho msomaji au mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Watoto wadogo wanakifahamu kutoka kwenye ngano: sisi tunaosikiliza tunajua kwamba sungura amejificha ndani ya mtungi, fisi hajui, na kila anapousogelea mtungi tunashika pumzi. Lakini kinaya hiki kinaweza pia kuwa na uzito mkubwa. Tunaposoma habari za Julai 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi iliyo leo ndani ya Wilaya ya Kilwa, tunawaona watu wakiing'oa pamba ya kulazimishwa na kuanzisha vita, wengi wao wakiwa na imani kwamba dawa ya maji aliyoitoa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Sisi tunajua ambacho wao hawakukijua siku ile. Tunajua kwamba Kinjikitile atanyongwa mwezi Agosti mwaka huohuo, na kwamba vita vitaendelea hadi 1907 na kuacha njaa kubwa nyuma yake. Kila sentensi ya matumaini katika habari hiyo inasomeka kwa uchungu kwa sababu ya ujuzi wetu. Mwanafunzi anayedhani kinaya ni utani tu ninamwomba aisome habari hiyo tena polepole.

Sasa turudi kwenye sentensi ya mwenyekiti, tuisome kama anavyosoma mtu anayeijenga hali. "Mwenyekiti wetu ni mchapakazi wa kupigiwa mfano." Hili ni dai, na dai kubwa, "wa kupigiwa mfano" ni sifa ya juu kabisa. Msomaji makini husubiri ushahidi wenye ukubwa unaolingana na dai. Angetarajia kisima kilichochimbwa, darasa lililoezekwa, mgogoro wa mipaka uliotatuliwa. Kisha ushahidi unakuja: "hajakosa sherehe hata moja." Je, kuhudhuria sherehe ni kuchapa kazi? Sherehe ni mahali pa kula pilau na kukaa kwenye kiti cha mbele. Ushahidi haukibebi kilichodaiwa. Tena unaonyesha kinyume chake, kwamba muda wa mwenyekiti umeishia huko. Halafu kuna "miaka mitatu", ambayo haikuwa na haja ya kutajwa ila kwa kutufanya tuhesabu ni mangapi yangefanyika katika muda huo. Mwandishi ameyaacha yasiyofanyika bila kuyataja, na ukimya huo ndio unaobeba lawama.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza dalili za kinaya kwenye maandishi ni zipi, humwambia atazame kwanza mahali ambapo sifa na ushahidi havilingani kwa ukubwa. Sifa iliyopitiliza juu ya jambo dogo humfanya msomaji asimame. Neno dogo juu ya jambo zito hufanya vivyo hivyo, kama mwandishi anayeandika kwamba mafuriko yalibomoa nyumba arobaini na kisha akasema kwamba wakazi "walisumbuka kidogo". Dalili nyingine ni msemaji ambaye mwandishi ametuonyesha kuwa haaminiki. Mhusika mwizi akianza kuhubiri uaminifu, maneno yake yote yanabeba uzito wa pili. Na ipo dalili ya maneno kama "kweli", "hasa" na "kwa hakika" yanapowekwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa na shaka, japokuwa hii haitoshi peke yake, kwa kuwa watu wakweli nao huyatumia kila siku.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo sharti niitaje. Darasa likishafundishwa kinaya vizuri, kwa wiki kadhaa kila kitu kinakuwa kinaya. Mwandishi akimsifu mkunga, wanafunzi wanasema anamkejeli. Akiisifu asubuhi ya Lindi, wanatafuta lawama iliyofichwa. Dawa yake ni ileile: kuuliza kama hali iliyoandikwa inalikataa neno lililotumika. Kama mkunga ameonyeshwa akitembea usiku kwenda kumzalisha mtu, na mwandishi akamwita shujaa, neno na hali vimekaa pamoja bila umbali wowote, na sifa hiyo inapaswa kupokewa kama sifa.

Na kuna maneno yanayokaa katikati, ambayo hata mtu mzima hawezi kuyaamua kwa uhakika. Kanga ndiyo shule yetu kubwa ya maneno hayo. Mwanamke akivaa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" akaenda nayo kisimani, maandishi yale ni methali tu. Akiivaa siku ambayo jirani aliyegombana naye ana wageni, akapita mbele ya mlango wake mara mbili, maandishi yaleyale yamekuwa ujumbe. Akiulizwa, anaweza kusema kwamba aliipenda rangi yake, na hakuna atakayeweza kumthibitishia vingine. Hilo ni fumbo, ambalo ni tofauti kidogo na kinaya: halisemi kinyume, linasema kwa pembeni na kumwachia msemaji njia ya kurudi nyuma. Wazee wetu katika jando na unyago wamefundisha kwa nyimbo za mafumbo, na mafunzo hayakuishia kwenye wimbo. Waliokuwa ndani walielezwa maana yake hadi wakaelewa. Ninaona kwamba shule imeuchukua wimbo na kuyaacha maelezo, kisha inashangaa watoto wanaposhindwa.

Ujumbe wa simu umeliongezea jambo hili ugumu mpya. Kijana anayemwandikia mwenzake "hongera kwa kazi nzuri" baada ya timu kufungwa mabao matano anategemea sauti ambayo simu haiibebi, na ugomvi mwingi wa wanafunzi niliousuluhisha ulianzia kwenye ujumbe wa namna hiyo. Aliyeandika alikuwa na hali nzima kichwani. Aliyesoma alikuwa na maneno tu. Ni tatizo lilelile la kifungu cha ufahamu, isipokuwa safari hii linauma kwelikweli.

Baada ya majibu yale ya mwenyekiti niliacha fasili kwa siku kadhaa, nikaandika ubaoni sentensi moja: "Mvua hii imekuja wakati wake hasa." Nikawaomba wanafunzi waandike hali mbili, moja ambayo sentensi hiyo ni shukrani ya kweli na nyingine ambayo ni kinaya, bila kubadilisha neno hata moja. Nilikataza neno "kinaya" lisionekane popote, na nikakataza mhusika yeyote asieleze alichomaanisha. Walilalamika kwamba sentensi haina kitu ndani yake. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuandika. Wengi walichagua Januari kwa hali ya kwanza: mahindi yamepandwa, udongo umeanza kupasuka, wingu linatoka upande wa bahari. Kwa hali ya pili walichagua mwezi wa kumi bila kuelekezwa, kwa sababu kila mtoto wa huku anajua mvua inawafanyia nini watu ambao korosho zao ziko nje zinakauka zisubiri kupelekwa chama cha msingi.

Kijana wa Tandahimba aliandika hali ya pili kwa mistari minne. Korosho zimeanikwa uani kwenye turubai la buluu. Gunia mbili tupu zimekunjwa karibu na mlango, zinasubiri kujazwa. Tone la kwanza linaanguka kwenye bati. Bibi anatoka jikoni, anatazama juu, anasema, "Mvua hii imekuja wakati wake hasa," na babu hamjibu kitu, ameshaishika pembe moja ya turubai.